Fumbo si ukimya

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Tangu hapo mazungumzo ya afya ya akili katika ukanda wetu yamepata upepo. Kumbi ndogo za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zinajaa vijana wanaopanda jukwaani kusoma mashairi kuhusu sonona, ubakaji, talaka za wazazi, shahada zisizo na kazi. Vipande vyake vinasambaa kwenye simu usiku huohuo, na pamoja navyo inasambaa tafsiri moja ambayo sasa naikuta kila ninapogeuka: kwamba kizazi hiki kimevunja ukimya kwa kuwa kimeachana na mafumbo, na kwamba ushairi wa kale, pamoja na majahazi yake, mawaridi yake na mioyo yake iliyochomwa mikuki, ulikuwa pazia la kuwafunza watu kuumia bila kusema.

Tafsiri hiyo ina ukweli ndani yake, nitaufikia. Lakini kwa jumla inatupoteza. Fumbo halikuwahi kuwa ukimya. Lilikuwa njia ya kusema yenye masharti yake, na nusu ya masharti hayo yalimhusu msikilizaji. Nusu hiyo ya pili ndiyo iliyokufa mikononi mwetu. Tukimhimiza anayeumia aweke tamathali kando na "afunguke", huku masikio yetu ni yaleyale, tutakuwa tumemnyang'anya chombo katikati ya mkondo kisha tukampongeza kwa kujua kuogelea.

Kisa kimoja tu kilinifanya nianze kulifikiria jambo hili. Nilikuwa katika usiku wa mashairi, Dar es Salaam. Binti wa miaka ishirini na kidogo alisimama mbele ya maikrofoni akataja hali yake kwa majina ya kitaalamu: nina sonona, nina wasiwasi, nina kiwewe. Ukumbi ukaalika vidole na kupiga makofi kila alipotaja. Kisha, kama mtu aliyekosea mstari, akasema: "Mama akinipigia simu, namjibu kwa sauti ya jana." Vidole vikakoma. Mama mtu mzima aliyekaa kiti cha pili yangu, nadhani alikuwa amemsindikiza mwanawe, akaninong'oneza: "Huyu mtoto anakaa na nani?" Majina matatu ya kitaalamu yalivuna makofi. Mstari mmoja wenye fumbo ulizaa swali, tena swali ambalo muuguzi angeanza nalo.

Tulitazame neno lenyewe. Fumbo limetoka katika kufumba. Tunafumba macho, tunafumba mkono, tunafumbata kitu kiganjani, na kilichofumbwa tabia yake ni kufumbuliwa. Mtoto akikunyooshea ngumi na kukuambia ubahatishe kilichomo, amekualika. Mchezo unaharibika pale tu unapogeuza uso na kuendelea na gazeti lako. Ukimya hauna ngumi iliyonyooshwa. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua, na sisi tumezoea kuisikia methali hiyo kama majigambo ya msemaji. Mimi naisikia pia kama mashtaka dhidi ya msikilizaji: asiyelitambua amejitaja jina mwenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840 na ambaye hakuna aliyemshinda kwa mafumbo, alitunga shairi zima kuwaonya watu wa mji wake kuhusu kimya: "Kimya kina mambo mbele, tahadharini na kimya." Bingwa wa mafumbo anayeogopa kimya hawezi kuwa aliviona vitu hivi viwili kuwa kimoja.

Na hiyo lugha "ya wazi" tunayohimizwa kuitumia, imetoka wapi? Msongo umetoka katika kusonga. Tunasonga ugali, tunasongamana kwenye daladala. Aliyesema msongo wa mawazo kwa mara ya kwanza aliyaona mawazo yakikaza kama unga sufuriani, mpaka mwiko haugeuki na mkono unauma. Kusononeka, kabla sonona haijawa jina la ugonjwa kwenye mabango ya hospitali, kulikuwa kuumwa, maumivu ya ndani kwa ndani ambayo hata kidole au jino huweza kuyapata. Tunavunjika moyo, tunakata tamaa kama mtu anayekata kamba, tunakufa ganzi, tunaelemewa kama mchukuzi bandarini. Ukizing'oa tamathali zote katika Kiswahili cha huzuni hubaki na lugha ya wazi, unabaki bubu. Kilichotokea ni kwamba tamathali hizi zimetumika mpaka zimechakaa, na sitiari iliyochakaa huonekana kama ukweli mtupu. Kwa hiyo hatuchagui kati ya fumbo na uwazi. Tunachagua kati ya fumbo lililo hai, linalomlazimu msikilizaji asimame, na fumbo lililokufa, ambalo unaweza kulisikia huku unaendelea kutafuna karanga.

Ili hoja isielee hewani, nichukue beti ambazo karibu kila aliyesoma Kiswahili shuleni anazijua. Shaaban Robert alimlilia mkewe hivi:

Amina umejitenga, kufa umetangulia,
Kama ua umefunga, baada ya kuchanua

na kila ubeti unarudi kwenye kituo hiki:

Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua.

Tulifundishwa kuandika "tashbihi: kama ua" na kusonga mbele. Lakini angalia kitenzi. Ua limefunga; mapenzi yamefungwa. Neno lilelile linalobeba kifo, petali zinazojikunja baada ya kuchanua, ndilo linalobeba fundo ambalo kifo kimeshindwa kulifungua. Mtu angeweza kuyasema haya kwa lugha nyoofu: mke wangu amekufa, bado nampenda. Ni taarifa mbili, zimekaa bega kwa bega, kila moja ya kweli na hakuna inayoigusa nyenzake. Aliyefiwa anajua sivyo inavyokuwa. Kinachomuumiza ndicho hichohicho kinachomshikilia, na hawezi kukiondoa kimoja akabaki na kingine. Kitenzi kimoja kimelisema hilo bila kulieleza. Kisha kuna kituo chenyewe, kinachorudi kila baada ya mishororo mitatu. Mshairi anajaribu kwenda mahali: anaomba dua, anakumbuka maradhi, anamtaja Mungu, na kila mara anajikuta mlangoni palepale. Huzuni haina mwendo mwingine. Watu wanaoita vina na vituo "mapambo" wangekaa siku tatu matangani wakasikiliza waliofiwa wanavyosimulia, jinsi kila simulizi linavyorudi kwenye sentensi ileile. Na kumbuka aliyesema haya ni mwanamume, katika jamii inayomwambia mwanamume ajikaze. Umbo ndilo lililompa ruhusa ya kulia hadharani, na sijui ni wanaume wangapi baada yake waliolia kwa kisingizio cha kukariri Amina.

Anayedhani kwamba washairi wa kale walijificha nyuma ya mafumbo kwa kukosa ujasiri wa kusema wazi amsome Mwana Kupona binti Msham. Mwaka 1858, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye wasia. Mwanzoni kabisa anasema: "Maradhi yamenshika, hata yametimu mwaka, sikupata kutamka, neno lema kukwambia." Hapo hamna fumbo hata moja. Naumwa, ni mwaka sasa, nimeshindwa kusema nawe. Anamwambia binti asogee na wino na karatasi, na baada ya hapo tu ndipo anapoahidi kumtungia kidani cha lulu na marijani, akivae shingoni. Maradhi ameyaita maradhi, maana binti alihitaji kujua. Alichomwachia amekiita kidani, maana binti alihitaji kukivaa baada ya mama kuondoka, na maagizo hayavaliki. Anayaweka yote mawili katika kikao kimoja, kila moja pale linapofaa. (Wasia wenyewe unamfunza mke utii kwa mume kwa kiwango ambacho wasomaji wengi wa leo, wanawake kwa wanaume, hawawezi kukimeza. Wanaoulaumu kwa hilo wana haki yao. Lakini hilo ni kosa la maudhui, tusimtwike tamathali.)

Inasemwa pia kwamba fumbo ni lugha ya woga, kimbilio la anayeogopa kukamatwa. Mara nyingi ni kweli. Ila Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alifungwa 1969 kwa karatasi ya wazi kabisa yenye kichwa kilichouliza Kenya inakwenda wapi. Alikuwa ameshasema kwa nathari, ameshakamatwa, ameshahukumiwa. Mashairi aliyoyaandika gerezani hadi 1972, kwenye karatasi za chooni, yaliyotoka mwaka uliofuata kama Sauti ya Dhiki, yana mafumbo tele, na mengine yalikuwa bado yanawakwepa askari. Lakini mengine yanafanya kazi nyingine kabisa. Mojawapo linahusu jipu. Unaweza kulisoma jipu hilo kisiasa, na wengi tumelisoma hivyo. Aliyewahi kuwa na jipu paja la ndani anajua zaidi: huketi vizuri, hulali, hutaki kuguswa hata na nguo, na hakuna la kufanya ila kungoja liive. Jipu lina muda ndani yake. Lina jana, lina leo, lina siku litakapotumbuka. Jina la ugonjwa hukuambia ulicho nacho. Tamathali nzuri hukuambia uko wapi katika safari yake, na kwamba ni safari.

Sasa upande wa pili, ambao si dhaifu. Hoja yake kubwa ni kwamba fumbo lina maana zaidi ya moja, na kuna nyakati maana moja tu ndiyo inayookoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka. Anayesema "nataka kupumzika" anaweza kuwa amechoka na zamu ya usiku, anaweza kuwa anaaga. Familia zimezika watu kisha zikabaki zinazirudia sentensi kama hizo, zikigundua mlangoni mwa kaburi kwamba ziliambiwa. Hapo sina ubishi: ukisikia sentensi ya namna hiyo, uliza wazi, kwa neno lenyewe, unafikiria kujiua? Kuuliza hakumtii mtu wazo kichwani. Vilevile kwenye dawati la jinsia na watoto polisi, na mahakamani, mtoto aliyefunzwa kuita mwili wake "huku chini" tu anaweza kushindwa kutoa ushahidi, na aliyemdhuru akatembea. Mtoto afunzwe majina ya viungo vyake. Kuna pia methali zinazotumika kama kufuli: ndoa uvumilivu, mvumilivu hula mbivu, siri ya mtungi aijuaye kata. Wanawake wamerudishwa kwenye nyumba zinazowavunja mbavu kwa sentensi zenye mizani nzuri. Haya yote nayakubali. Ninaloongeza ni kwamba tuangalie nani anasema. Methali katika kinywa cha mkwe anayekurudisha kwa mumeo ni amri. Tamathali katika kinywa cha anayeumia ni taarifa. Na hazina ileile ya methali ina mficha uchi hazai na mficha maradhi kilio humfichua. Hatukuzichagua hizo kwa sababu hatukutaka kusikia, na lawama ya uchaguzi huo si ya lugha.

Tena uwazi una bei, na wanaouhimiza huwa hawailipi wao. Turudi kwenye hukumu ile ya Nairobi. Sheria iliyobatilishwa Wakenya waliirithi kwa Waingereza, ambao kwao wenyewe walikuwa wameifuta mwaka 1961. Kwa zaidi ya miaka 60 baadaye, Mkenya aliyesema kwa lugha nyoofu kwamba alijaribu kujiua alikuwa anakiri kosa lenye kifungo cha hadi miaka miwili. Alichagua kati ya fumbo na mashtaka. Sasa hakimu ameondoka mlangoni, lakini mahakama nyingine zinaendelea na vikao vyake: mwajiri, wakwe, kamati ya harusi, mwenye nyumba, viti vya mbele kanisani na safu za kwanza msikitini. Msichana anayesema "nilibakwa" mbele ya hadhara ameshasema, hawezi kulirudisha. Anayesema "tangu mwaka ule sijawahi kukaa na mgongo wangu mlangoni" amesema, na amebaki na uwezo wa kuamua nani atamfumbulia mkono mzima na nani ataishia hapo. Fumbo humwachia mwenye jeraha funguo zake. Sioni kwa nini tumwone mwoga kwa hilo.

Kati ya hoja zote zinazozunguka, iliyo nyepesi kuliko zote ni ile inayotolewa kwa sauti ya kitaalamu: kwamba Waafrika, Waswahili wakiwamo, hawana msamiati wa hisia, ndiyo maana wanazungukazunguka na "moyo mzito" na "mawazo mengi", na dawa ni kuwapa istilahi. Jibu lake liko Harare. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza katika kitongoji cha Mbare mpango uitwao Friendship Bench: akina bibi wa mtaani waliopewa mafunzo, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hawakuanza na neno la kizungu la ugonjwa. Walianza na neno ambalo watu tayari walikuwa wanalisema kwa Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ndugu wa damu wa "mawazo mengi" yetu. Na hatua ya kwanza ya mazungumzo wakaiita kwa maneno yenye maana ya kufungua akili. Utafiti uliochapishwa 2016 uliwafuata watu 573. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona katika kundi la benchi walikuwa asilimia 13.7, na katika kundi lililopata huduma ya kawaida, asilimia 49.9. Bila shaka si neno pekee lililoponya: palikuwa na bibi, palikuwa na muda, palikuwa na utaratibu wa kutatua tatizo moja baada ya jingine. Lakini mlango walioingilia ulikuwa usemi wa watu wenyewe, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Msamiati upo. Aliyekosekana ni mtu wa kukaa nao kwenye benchi.

Upande wa watetezi wa ushairi wa kale nako kuna hoja nyepesi, na nisiwaache wenzangu bila kuwagusa. Wanasema vijana hawa hawatungi, wanalialia kwenye maikrofoni. Hamna vina, hamna mizani. Ugomvi huo ulishapiganwa miaka ya 1970 kati ya wanaarudhi, wanaoshikilia kanuni za vina na mizani, na wa mashairi huru, na aliyedhani ulikwisha kwa mshindi aende ukumbi wowote aone kila upande ungali hai. Mizani kumi na sita haimkingi mtu asiandike upuuzi. Nimesoma tarbia nyingi safi kama sakafu ya benki na tupu vilevile. "Sauti ya jana" haikuwa na kina wala mizani, na ilikuwa ushairi.

Basi msikilizaji aliharibikia wapi? Sehemu kubwa ya jibu iko darasani. Chukua karatasi ya fasihi ya kidato cha nne, sehemu ya ushairi. Mwanafunzi ataulizwa bahari, yaani aina ya shairi, idhini ya mshairi, yaani ruhusa yake ya kukiuka kanuni za lugha, tamathali mbili na mifano yake. Huko Kenya ataulizwa hata nafsineni na toni, maswali ambayo kwa haki yangepaswa kumfungulia mlango: nani anasema, anasikikaje? Na atajibu, kwa sababu amefundishwa kujibu: nafsineni ni mtu aliyefiwa, alama moja, toni ni ya huzuni, alama moja. Alama mbili, maiti imezikwa, twende swali la tano. Miaka minne ya kusoma mashairi inamfunza kijana kwamba mbele ya maumivu ya mtu kazi yake ni kuyapa jina sahihi. Akitoka hapo akakutana na rafiki anayesema hapati usingizi, atafanya alichofunzwa: atampa jina. "Hiyo ni sonona." Tiki.

Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba tumepoteza desturi ya kujibizana. Katika pwani, aliyetupa fumbo ngomani alimngoja mwingine alifumbue kwa ubeti wake. Magazeti yalipokuja, desturi ikahamia huko. Mambo Leo, lililoanza Tanganyika 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na katika kurasa za mashairi za magazeti yetu mtu aliweza kuuliza jambo linalomsumbua, na malenga wa mikoa mingine wakamjibu. Walimjibu kwa bahari ileile na mara nyingi vina vilevile. Hili watu hulichukulia kama mchezo wa ufundi. Lakini fikiria linavyodai: huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake kabla hujamsoma mara tatu nne, ukahesabu mizani zake kwa vidole, ukajua ameweka pumzi wapi. Umbo lilikuwa linamlazimisha msikilizaji kusikia. Hata kanga ilifanya kazi hiyo: mke akitoka na kanga yenye maneno fulani asubuhi ya Jumatatu, jirani alijua usiku wa Jumapili ulikuwaje, na alijua ni juu yake kupita kuomba chumvi. Leo chini ya kipande cha dakika mbili tunaweka alama ya moyo mwekundu. Inachukua nusu sekunde na haihitaji kujua pumzi ilikuwa wapi.

Nikiyafuata haya mpaka mwisho wake, ushauri wangu kwa wanaoendesha kampeni hauwi mgumu wala wa gharama. Wanasihi na wauguzi wafunzwe kusikiliza tamathali, si kuisahihisha: mgonjwa akisema kifua kimejaa maji, swali linalofuata liwe maji yamefika wapi, na lini yalianza kupanda, kabla ya dodoso kutoka mfukoni. Kila usiku wa mashairi uwe na mtu mmoja ambaye kazi yake si kupiga makofi. Walimu hawawezi kubadili mtihani, lakini dakika tano kabla ya kengele hazina mtaala: muulize mwanafunzi, huyu wa kwenye shairi angekuwa dada yako, ungemjibu nini? Ajibu kwa ubeti, hata uwe na vina vibovu. Wanaotunga "wazi" waendelee, wanahitajika, hasa pale sheria na hospitali zinaposubiri neno lenyewe. Na wanaotunga kwa mafumbo wasidaiwe kuomba radhi kana kwamba wanachelewesha ukombozi.

Usiku ule, baada ya shughuli, yule binti alizungukwa na waliotaka kupiga naye picha. Mama wa kiti cha pili alisimama kando mpaka zamu yake ikafika. Hakutaka picha. Alimuuliza, "Leo umeongea na mama?"

Binti akatikisa kichwa.

"Basi piga," mama akasema, akamshikia mkoba. "Mimi nipo hapahapa."